Bima ikibadilika, vidonge vya Mama vinalipwa na nani?

Mwaka jana mdogo wangu alipata kazi mpya. Alikuwa mtumishi wa halmashauri, akaajiriwa na kampuni binafsi Dar es Salaam, mshahara ukapanda na nyumbani tukashukuru Mungu. Aliuliza kuhusu posho, likizo, hata maegesho ya gari. Habari ya Mama hakuna aliyeikumbuka, mimi nikiwemo.

Mama anaishi Morogoro. Ana presha na kisukari, na kwa miaka saba dawa zake zilitoka kwa kadi ya bima aliyoandikwa kama mtegemezi wa mwanawe huyo. Siku ya kliniki alifika mapokezi asubuhi na mapema kama kawaida yake, akatoa kadi. Binti wa mapokezi akaingiza namba mara mbili, akainua kichwa: "Mama yangu, kadi haisomi." Mama akalipia kumuona daktari kwa hela aliyokuwa ameitenga ya sokoni. Alipofika dirisha la dawa akaambiwa dawa zake za mwezi ni Sh46,500. Akanunua za siku kumi, akapanda daladala, akarudi nyumbani na hakumwambia mtu.

Nilikuja kujua wiki tatu baadaye, nilipokwenda kumsalimia. Juu ya meza kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake vidonge vimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye pakiti, kimoja kimoja na karatasi yake ya bati. Nikamuuliza ni vya nini. "Hivi ni vya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa." Hakuna daktari aliyeandika hivyo. Mama mwenyewe ndiye aliyejipangia, ili za siku kumi zifike mwisho wa mwezi. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwamba mdogo wangu ndiyo kwanza ameanza kazi, asingependa kumharibia.

Tangu siku ile nimekuwa nikiitazama bima kwa jicho jingine. Tunapoijadili bima nchini tunajadili mchango ni shilingi ngapi, hospitali gani zinapokea kadi, na ukilazwa unalipiwa hadi wapi. Hayo ni ya maana. Lakini mtu mwenye presha au sukari anaweza kumaliza miaka mitano bila kulazwa hata siku moja, na katika miaka hiyo mitano akafika dirisha la dawa mara sitini. Bima yake yote iko pale dirishani. Na pale ndipo panapovunjika kwanza kila bima inapobadilika, iwe mtu amehama kazi au serikali imebadili sheria, na anayelipia ufa huo ni mgonjwa kwa fedha za mfukoni.

Chukua hili la kuhama kazi. Katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, mtumishi huchangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri asilimia 3. Kwa mchango huo anapata huduma yeye, mwenza wake na wategemezi wanne, na wategemezi hao wanaweza kuwa watoto au wazazi, hata wakwe. Utaratibu huu umejengwa juu ya familia kama tunavyoijua sisi: anayepata mshahara ndiye anayembeba mama. Bima nyingi za kampuni binafsi zimejengwa juu ya familia ya namna nyingine, yaani mfanyakazi, mwenza na watoto. Mzazi hayumo, au yumo kwa malipo ya ziada ambayo mwajiri hayalipi. Kwa hiyo mtu anaweza kupata kadi inayong'aa zaidi, inayopokelewa hospitali za kifahari, na wakati huohuo gharama ya dawa za ukoo wake ikawa imepanda kutoka sifuri hadi zaidi ya nusu milioni kwa mwaka. Sh46,500 mara kumi na mbili ni Sh558,000. Mdogo wangu alipopiga hesabu hiyo kwenye simu alinyamaza kwa muda mrefu.

Hata anayebaki ndani ya kadi mpya hajasalimika. Bima binafsi huwa na kikomo cha mwaka kwa wagonjwa wa nje, na mara nyingi ndani yake kuna kikomo kidogo zaidi cha magonjwa ya kudumu. Nyingine hazilipii kabisa, kwa kipindi cha mwanzo, ugonjwa aliokuja nao mteja. Maneno hayo yapo kwenye mkataba, tena kwa maandishi yanayosomeka, ila mkataba huo unabaki ofisi ya rasilimali watu na mfanyakazi anapewa kadi na kijitabu chenye picha. Mtu mwenye kisukari hugundua mwezi wa saba au wa nane kwamba fungu lake la dawa limekwisha, na mwaka wa bima haujakwisha.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani mpaka usimame dirishani. Dawa moja ina bei nyingi. Metfomini ya kisukari inatengenezwa na viwanda vingi. Kiambata ni kilekile, ila ukienda dukani muuzaji atakuuliza, "Nikupe ya India au ya Ulaya?" na tofauti ya bei inaweza kuwa mara kadhaa. Tanzania haijaweka kisheria kikomo cha bei ya dawa kwenye maduka binafsi. Kila duka hupanga kwa kadiri lilivyonunua na mtaa lilipo. Ukiwa na bima huioni tofauti hiyo, kwa sababu bima imeshakubaliana na hospitali italipa kiasi gani kwa dawa ipi. Siku kadi inapofungwa, unatupwa katikati ya soko ukiwa na cheti kilichoandikwa na daktari aliyedhani bima italipa. Cheti cha Mama kilikuwa na jina la kibiashara la dawa ya mafuta kwenye damu. Tulipomrudisha kwa daktari akaandika jina halisi la dawa, atovastatini, na bei ya dawa ile peke yake ikashuka zaidi ya nusu. Daktari hakuwa na nia mbaya. Mkono wake umezoea kuandika kwa ajili ya kadi.

Sasa nije kwenye mabadiliko makubwa zaidi, yale ambayo mwananchi hakuyachagua. Machi 1, 2024, siku ya Ijumaa, NHIF ya Tanzania ilianza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa zinazolipiwa pamoja na bei zake. Kitita kilichokuwepo kilikuwa cha mwaka 2016. Kipya kilikuwa kianze Januari, kikaahirishwa, kamati ikaundwa kusikiliza pande zote, kisha kikaanza. Hospitali binafsi, kupitia chama chao cha APHFTA, zilisema bei mpya haziwezi kuendesha huduma, na nyingi zikatangaza kusitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko. Kwa siku hizo watu wenye kadi halali walikuwa wakizunguka na vyeti mkononi. Baadaye mazungumzo yakafanyika na huduma zikarejea.

Sitaki kuuonea mfuko. Bima ya umma inayolipa dawa kwa bei ya juu kuliko ya soko inawaibia wachangiaji wake wenyewe, na mfuko wetu ulikuwa umelemewa na madai ya magonjwa yasiyoambukiza pamoja na udanganyifu wa baadhi ya watoa huduma. Kuoanisha dawa zinazolipiwa na Mwongozo wa Taifa wa Matibabu pamoja na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu lilikuwa jambo sahihi. Orodha hiyo hupanga dawa kwa ngazi: A ni ya zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa, na S ni ya ubingwa. Kwa mpango mzuri, dawa za presha za kawaida zinapatikana chini karibu na watu, na zile nzito zinasimamiwa juu na wanaozijua.

Lakini orodha ni karatasi. Bima inapopunguza bei inayolipia dawa, hospitali haiuzi kwa hasara. Inaagiza dawa ya bei nafuu zaidi kama ipo, na hapo mgonjwa hana cha kupoteza. Kama haipo, au kama madai ya miezi iliyopita hayajalipwa na mtaji umekwama, basi linazaliwa lile neno ambalo kila mwenye kadi analijua: "Imeisha."

Nililishuhudia neno hilo kwa karibu, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Mbele yangu alikuwa mzee mwenye kadi, amevaa kanzu na koti, akiwa na cheti cha losatani, dawa ya presha. Mhudumu akatazama cheti, akatazama kadi, akasema dawa hiyo imeisha, labda aangalie duka la nje. Mzee akasogea pembeni akitafuta miwani yake. Nyuma yake mama mmoja akatoa cheti chake na noti ya elfu kumi, na losatani ikatoka kwenye rafu ileile, boksi lilelile la rangi ya samawati. Mzee aliliona. Hakusema kitu, alilitazama tu lile boksi, kisha akatoka.

Mtu akiniuliza bei ya dawa kwa yule mzee ni shilingi ngapi, nitamwambia alilipa mara mbili. Alilipa kwa mchango wake, akalipa tena dukani. Na malipo ya pili hayaingii kwenye taarifa ya mtu yeyote. Mfuko utaonyesha kwamba gharama za dawa zimeshuka, na ni kweli zimeshuka kwa upande wa mfuko.

NHIF ilikuwa imeliona tatizo la aina hii zamani, ndiyo maana ikawepo fomu 2C. Hospitali ikikosa dawa, inakujazia fomu hiyo, unakwenda nayo kwenye duka la dawa lililosajiliwa na mfuko, unapewa dawa bila kulipa. Kwangu mimi fomu 2C ni moja ya vitu bora kuwahi kubuniwa katika bima yetu, kwa sababu inakubali kwamba dawa inaweza kukosekana na bado haimuachi mgonjwa. Shida ni kwamba fomu inajazwa na yuleyule aliyesema imeisha. Inabidi akiri kwa maandishi. Wengi wanaona ni rahisi zaidi kukuelekeza duka la nje kwa mdomo, na mgonjwa asiyejua jina la fomu hiyo hawezi kuidai. Mama yangu aliijua. Alikuwa akiniambia kwa fahari, "Mimi hawaniyumbishi, naomba tuusii yangu."

Baada ya kadi kufungwa tulimwandikisha Mama kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF. Kwa mikoani ilikuwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na kwa kulinganisha bei na kinachotolewa sijui bima nyingine iliyo nafuu namna hiyo. Unaanzia zahanati au kituo cha afya cha serikali, ukihitaji unapewa rufaa hadi hospitali ya mkoa. Kumuona daktari hakuna malipo, vipimo vya kawaida vipo, dawa zikiwepo unapewa. Zikiwepo. Kadi hii kwa kawaida haitoki nje ya geti. Kituo kikikosa dawa hakuna duka la kwenda nayo, kwa sababu Sh30,000 za watu sita haziwezi kuingia mikataba na maduka ya mtaani. Mama anapata metfomini na amlodipini ya presha kwenye kituo chake miezi mingi, losatani mara moja moja, atovastatini tunanunua. Kwa sasa gharama ya mfukoni imeshuka hadi kama nusu ya ile ya mwanzo. Tunaigawana watoto watatu.

Wenzetu wa Kenya wamepitia badiliko kubwa kuliko letu. Oktoba 1, 2024, NHIF yao iliyokuwepo tangu 1966 iliipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, baada ya kesi zilizopanda na kushuka mahakamani karibu mwaka mzima. Mfanyakazi aliyekuwa akichangia kati ya Sh150 na Sh1,700 za Kenya kwa mwezi sasa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Anayepata Sh100,000 ametoka Sh1,700 hadi Sh2,750. Mjadala wote ulikuwa juu ya makato hayo, na ninawaelewa, kwa sababu makato yanaonekana kwenye hati ya mshahara. Ila kwa mgonjwa wa saratani swali lilikuwa jingine. Kwa viwango vilivyotangazwa, familia ilikuwa na Sh400,000 kwa mwaka kutoka mfuko wa bima na Sh150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura, jumla Sh550,000.

Hebu tuiweke hesabu hiyo kwenye dawa moja. Herceptin hutumika kwa aina fulani ya saratani ya matiti, na tiba kamili kwa kawaida ni dozi 18, moja kila wiki tatu. Dozi moja Kenya ilikuwa Sh120,000. Kwa bei hiyo, Sh550,000 zinalipa dozi nne na kubakiza Sh70,000 ambazo hazifiki dozi ya tano. Mwanamke anaanza tiba Januari, na kufikia Aprili bima imekwisha, dozi 14 hazijaguswa. Mwaka 2025 serikali ya Kenya na kampuni ya Roche inayoitengeneza walikubaliana bei ishuke hadi Sh40,000 kwa dozi na SHA iilipe. Ninawaombea makubaliano hayo yadumu. Ninachokiona mimi ni kwamba kadi mpya peke yake haikuishusha bei hata senti moja. Ilishuka siku mnunuzi mmoja mwenye wagonjwa wengi alipokaa meza moja na mtengenezaji na kuitaja dawa kwa jina.

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge letu Novemba 2023, na inataka kuwe na kitita cha msingi ambacho kila skimu, yaani kila mfuko au kampuni ya bima, lazima ikitoe. Mamilioni ya watu watabadilisha bima, wengine kwa mara ya kwanza wataingia kwenye bima. Ukubwa huo wa wanunuzi hatujawahi kuwa nao. Tunayo Bohari ya Dawa, MSD, inayonunua kwa ajili ya vituo vya umma. Tunayo orodha ya taifa. Kinachotakiwa ni kuchagua dawa chache za kudumu, za presha, sukari, kifafa, pumu, selimundu, magonjwa ya akili, nyingi zikiwa vidonge vya bei ya chini, na kuzipa ulinzi wa namna yake: zilipwe na kila skimu bila kikomo kidogo cha ndani, bila kipindi cha kusubiri, na bila kujali mgonjwa alikuwa na kadi ipi mwezi uliopita. Zikikosekana dirishani, mgonjwa atoke na karatasi au namba kwenye simu inayomruhusu kuzichukua duka la jirani lililosajiliwa, iwe ni mwanachama wa NHIF, wa CHF au wa bima ya kampuni.

Najua jibu la kwanza litakuwa fedha. Lakini kidonge kisichomezwa nacho kina gharama, na gharama hiyo inairudia bima ileile. Presha iliyoachwa inaweza kuishia kwenye kiharusi au figo, na mwenye figo zilizokufa husafishwa damu mara tatu kwa wiki maisha yake yote, kama hakupata figo nyingine. Rwanda wana utaratibu ambao mwanachama wa Mutuelle, bima yao ya afya ya jamii, hulipa faranga 200 akifika kituo cha afya na asilimia 10 akifika hospitali. Mtu anaweza kubishana kama asilimia 10 ni nyingi kwa maskini, na mimi naona kwa dawa za bei kubwa ni nyingi. Ila mgonjwa anajua kabla hajatoka nyumbani. Haendi kwa kubahatisha.

Kwa yeyote anayebadilisha bima mwezi huu, kwa kazi mpya, kwa kustaafu, kwa mtoto kuvuka umri au kwa ndoa kuvunjika, ombi langu ni moja. Kabla kadi ya zamani haijafungwa, chukua vyeti vya dawa vya kila mtu anayekutegemea, wazazi wakiwemo, uende navyo kwa wakala wa bima mpya, uulize dawa moja baada ya nyingine: hii mnalipa, kwa jina gani, hadi shilingi ngapi kwa mwaka, na ikikosekana hospitali naichukua wapi. Akikujibu kwa ujumla, mrudishe kwenye cheti. Na wakati kadi ya zamani ingali hai, muombe daktari aandike dawa za muda mrefu kadiri utaratibu unavyoruhusu, na aziandike kwa majina halisi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Morogoro tena. Kopo la maziwa bado lipo mezani, ila mkasi umerudi kwenye droo. Presha ya Mama ilisoma 138 kwa 84. Kliniki yake ni tarehe 12, na mdogo wangu ameshaomba ruhusa kazini ampeleke mwenyewe.